Mwongozo Kamili wa Kupima Halijoto ya Kujiwasha ya Kemikali

Mvuke wa petroli hudaka moto wa cheche hata petroli yenyewe ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, ilhali dizeli sharti ipashwe moto hadi zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujatosha kuwaka. Kwa kipimo hicho petroli ndiyo ya kuogopwa. Lakini ukiondoa cheche na kiberiti, ukabakiza hewa iliyo moto peke yake, mambo hugeuka: dizeli hujiwasha kwenye nyuzi 210 hivi, na petroli husubiri hadi karibu 280. Ndiyo sababu injini ya dizeli haihitaji plagi ya cheche, kwa kuwa hewa iliyobanwa ndani ya silinda hupata moto wa kutosha kuwasha mafuta yanaponyunyizwa.

Kipimo hicho cha pili ndicho kinachoitwa halijoto ya kujiwasha: halijoto ya chini kabisa ambayo dutu, ikiwa hewani, hushika moto yenyewe bila cheche wala mwali wa nje. Mhandisi huihitaji anapochagua taa, mota na hita za kuwekwa karibu na kemikali, na mtunza ghala huihitaji anapoamua bomba la mvuke lipite wapi. Jambo ambalo msomaji anapaswa kulishika tangu mwanzo ni kwamba namba hii si tabia ya dutu peke yake kama ilivyo kiwango cha kuchemka. Ni tabia ya dutu, chombo, hewa na muda kwa pamoja. Ukubwa wa chombo ukiongezeka, namba hushuka, kwa sababu joto linalozalishwa katikati ya mchanganyiko hukawia kufika kwenye kuta na kupotea. Kanieneo, yaani mgandamizo, ikiongezeka, au oksijeni ikizidi ile ya hewa ya kawaida, namba hushuka pia. Hii ndiyo maana vitabu viwili vyenye kuheshimika vinaweza kutoa nyuzi 465 na nyuzi 539 kwa asetoni ileile bila hata kimoja kuwa kimekosea.

Kuchagua jaribio linalofaa

Mwongozo huu unahusu vimiminika, pamoja na yabisi zinazoyeyuka na kutoa mvuke zinapopashwa moto. Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni ASTM E659, ya shirika la viwango la ASTM, inayotumia flasiki ya duara ya mililita 500 na kumtaka mpimaji asubiri hadi dakika 10 baada ya kuingiza sampuli. Ya pili imo katika ISO/IEC 80079-20-1, kiwango cha kimataifa, inayotumia flasiki ya umbo la pia, yaani ya Erlenmeyer, ya mililita 200, na kusubiri dakika 5. Maelezo yaliyomo humu yanafuata zaidi njia ya kwanza, lakini mwenye kupima kwa ajili ya vifaa vya umeme vya sehemu zenye hatari ya mlipuko ataombwa matokeo ya njia ya pili. Ni vyema kuuliza kabla ya kuanza, kwa sababu matokeo ya chombo kimoja hayageuzwi kuwa ya kingine kwa hesabu.

Vumbi na unga havipimwi hivi. Unga uliotanda juu ya sahani moto, unga uliopulizwa ndani ya tanuri, na unga uliorundikwa ambao hujipasha moto polepole kutoka ndani ni matatizo matatu tofauti, na kila moja lina jaribio lake. Kumimina miligramu 100 za makaa yaliyosagwa ndani ya flasiki na kuandika namba itakayopatikana ni kujidanganya.

Maswali ya kujibu kabla ya kuwasha tanuri

Swali la kwanza ni kama dutu inaweza kulipuka au kuvunjika kwa nguvu inapopashwa moto. Vilipuzi, peroksidi za kikaboni na michanganyiko yenye kioksidishaji, yaani dutu inayotoa oksijeni, haipaswi kuingia katika flasiki ya kioo hata kwa tone moja. Panapokuwa na shaka, anza na kipimo cha kalorimita, yaani kifaa cha kupima joto linalotolewa na dutu, kwa miligramu chache ndani ya kibonge kilichofungwa, uone kama kuna joto kubwa linalotoka kabla ya kufika nyuzi unazokusudia kupima. Etha zinahitaji uangalifu wa pekee: chupa iliyokaa muda mrefu baada ya kufunguliwa hujenga peroksidi, na peroksidi hizo zinaweza kukuletea balaa, au, kwa uchache, zikaharibu matokeo. Pima peroksidi kwanza, kisha tumia chupa mpya.

Swali la pili ni moshi utakaotoka. Kemikali yenye klorini hutoa haidrojeni kloridi, na nyingine hutoa hata fosijeni, gesi yenye sumu kali. Yenye florini hutoa haidrojeni floridi, ambayo ni sumu na pia hula kioo cha flasiki yenyewe. Kwa hiyo kifaa chote kikae ndani ya kabati la kuvutia hewa chafu lililothibitishwa kuwa linavuta, na mpimaji avae ngao ya uso, koti la maabara lisiloshika moto na glavu za joto. Sampuli iliyobaki iwekwe mbali na tanuri, ikiwa imefungwa. Ajali nyingi za jaribio hili hazitoki kwenye flasiki bali kwenye kichupa cha sampuli kilichosahaulika wazi pembeni ya tanuri lenye nyuzi 400.

Vifaa na maandalizi yake

Kinahitajika tanuri la umeme la wima, lenye kudhibitiwa kwa usahihi na kufika angalau nyuzi 600. Ndani yake huning'inizwa flasiki ya kioo cha borosilikati ya mililita 500, ya duara na yenye shingo fupi, ikiwa imefungwa kwa karatasi ya alumini upande wa kung'aa ukitazama ndani. Karatasi hiyo husambaza joto sawasawa. Vihisijoto vitatu vyembamba hugusa ukuta wa nje wa flasiki, kimoja juu, kimoja ubavuni na kimoja chini, na cha nne hushuka ndani hadi katikati ya flasiki bila kugusa kioo. Hiki cha nne ndicho kinachotoa namba ya mwisho, navyo vitatu vya nje vipo ili kukuhakikishia kwamba flasiki haina upande wa moto na upande wa baridi. Kwa majaribio yanayokaa muda mrefu juu ya nyuzi 500 hivi, flasiki ya kwatzi ni salama zaidi, kwani borosilikati huanza kupoteza umbo.

Juu ya mdomo wa flasiki, kwa pembe, huwekwa kioo cha kujitazamia, ili mpimaji aone ndani ya flasiki bila kuinamisha uso wake juu ya mdomo. Sharti hili halina msamaha. Mwali unaotoka flasiki inapowaka unaweza kupanda juu ya mdomo kwa urefu wa mkono, na mtu aliyeinama hupata nafasi ya kuuona mara moja tu. Kwa sababu hiyohiyo sindano ya sirinji hupindwa kwa pembe mraba, ili mkono ubaki pembeni na ncha peke yake ndiyo iingie. Sirinji yenye kipimo cha mikrolita inatosha kwa vimiminika. Kwa yabisi, saga dutu, pima miligramu 100, na uimimine kwa faneli ndogo ya kioo.

Mengine ni saa ya kusimamisha, kinasa data kinachoandika halijoto ya kihisijoto cha ndani angalau mara kadhaa kwa sekunde, barometa, mashine ya kupuliza hewa moto kwa ajili ya kusafisha flasiki, na chumba kinachoweza kutiwa giza. Giza hilo lina kazi yake, kama itakavyoonekana.

Kabla ya kupima dutu usiyoijua, pima unayoijua. Heptani safi, kimiminika cha haidrokaboni, hutumika sana kwa kazi hii, na thamani zake vitabuni huanguka kati ya nyuzi 204 na 223 kutegemea njia na chombo. Ukipata 260, usitafute maelezo ya kikemia, bali tafuta kihisijoto kilichosogea.

Jaribio lenyewe

Pasha tanuri hadi halijoto uliyochagua kuanzia, kisha subiri. Subira hapa hupimwa kwa vihisijoto: vyote vinne viwe vimetulia kwa dakika kadhaa na vipishane kwa nyuzi chache tu, ndani ya ukomo wa njia unayofuata. Andika kanieneo ya hewa ya siku hiyo. Zima taa. Andika halijoto ya ndani, ingiza mikrolita 100 kwa msukumo mmoja wa haraka ukielekeza tone katikati ya sakafu ya flasiki, toa sindano, na anzisha saa papo hapo.

Sasa tazama kioo kwa jicho moja na mchoro wa kinasa data kwa jingine. Mchoro hushuka kwanza kwa nyuzi chache, kwa kuwa kimiminika kinapogeuka mvuke hunyonya joto. Kisha hurudi polepole ulipokuwa. Halafu, ikiwa dutu itawaka, mchoro hupanda kidogo juu ya pale ulipoanzia, kana kwamba unasitasita, na ghafla unaruka wima kwa mamia ya nyuzi. Wakati huohuo flasiki hujaa mwali wa manjano au wa buluu, mara nyingine kwa mlio mfupi mzito. Simamisha saa. Muda uliopita kati ya kuingiza tone na mruko huo ndio muda wa kuchelewa, na huandikwa pamoja na halijoto. Dakika 10 zikipita bila kitu, andika kwamba haikuwaka.

Baada ya kila jaribio, puliza hewa moto iliyo safi ndani ya flasiki hadi mvuke wote utoke, kisha acha halijoto irudi na itulie upya. Nimeshuhudia mfululizo mzima wa asubuhi ukitupwa kwa sababu mpimaji alikuwa na haraka na akapuliza kwa sekunde chache tu. Gesi zilizobaki zilikuwa zimepungukiwa oksijeni, na dutu ikaonekana kuwa salama kuliko ilivyo. Kosa la namna hiyo lina hatari kuliko mengine, kwa kuwa linaipendeza kila idara inayosubiri ripoti.

Utafutaji wa namba huenda kwa hatua kubwa kwanza. Isipowaka, pandisha nyuzi 30 hivi na urudie; ikiwaka, shusha. Ukishaizingira kati ya halijoto iliyowasha na isiyowasha, endelea kwa hatua za nyuzi 3. Tuchukue mfano wa kuonyesha mpangilio tu, ambao hautakiwi kunukuliwa kama matokeo. Kwenye nyuzi 260 flasiki inawaka kabla hata mkono haujarudi mezani. Kwenye 230 inachukua sekunde kadhaa. Kwenye 200 dakika 10 zinapita kimya. Unapanda hadi 218, inawaka baada ya dakika moja. Unashuka hadi 215, inawaka baada ya dakika mbili. Kwenye 212 inachukua karibu dakika nne. Kwenye 209 haiwaki. Kwa mikrolita 100, jibu liko 212.

Mfano huo unaonyesha kitu cha kuthaminiwa: muda wa kuchelewa hurefuka kwa kasi kadiri unavyokaribia ukomo. Nikolay Semyonov, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1956 pamoja na Cyril Hinshelwood, ndiye aliyeweka msingi wa nadharia inayoeleza jambo hili. Ukichora logi ya muda wa kuchelewa dhidi ya moja ikigawanywa kwa halijoto ya kelvini, nukta zako zinapaswa kukaa karibu na mstari ulionyooka. Nukta moja ikitoroka mbali na mstari, shuku jaribio hilo na ulirudie kabla ya kuishuku nadharia.

Kubadilisha kiasi cha sampuli

Wengi huishia kwenye mikrolita 100, na hapo ndipo wanapokosea. Hesabu fupi inaonyesha kwa nini. Flasiki ya mililita 500 iliyo kwenye nyuzi 250 ina takribani milimoli 11.7 za hewa (milimoli ni kipimo cha idadi ya molekuli), ambazo kati yake oksijeni ni kama milimoli 2.4. Molekuli moja ya heptani huhitaji 11 za oksijeni ili iungue yote, kwa hiyo hewa hiyo inatosheleza milimoli 0.22 za heptani, yaani mikrolita 33 hivi. Ukiingiza 100, umeweka mara tatu ya mafuta yanayoweza kuungua. Kwa dutu nyingine uwiano utakuwa tofauti kabisa, na hakuna ajuaye kabla ya kupima ni uwiano upi utakaojiwasha kwenye halijoto ya chini zaidi.

Kwa hiyo, ukishapata ukomo wa mikrolita 100, rudia utafutaji kwa 150 karibu na halijoto hiyo. Ukomo ukishuka, jaribu 250. Usiposhuka, jaribu 50. Endelea hadi pande zote mbili, kuongeza na kupunguza, zisilete namba ya chini zaidi. Namba ya chini kuliko zote ndiyo halijoto ya kujiwasha, na kiasi kilichoileta huandikwa pamoja nayo. Mzunguko wa mwisho ufanywe kwa flasiki mpya iliyo safi, kwa sababu masizi yaliyoganda kwenye kuta yanaweza kubadili matokeo kwa upande wowote.

Mwali baridi

Sasa sababu ya giza. Dutu kadhaa, hasa etha, aldehidi na haidrokaboni za mnyororo mrefu, hutoa kitu kinachoitwa mwali baridi katika halijoto iliyo chini ya ile ya mwali wa kawaida. Ni mng'ao hafifu wa buluu, unaopita ndani ya flasiki kama pumzi, na taa ikiwa imewashwa huuoni. Kinasa data huonyesha kilima kidogo badala ya mruko. Mafuta hayakuungua yote. Yameungua nusunusu na kuacha aldehidi na peroksidi.

Usiutupilie mbali eti kwa sababu haukupandisha halijoto sana. Uandike kwa jina lake, na halijoto yake ya chini kabisa itajwe kando na ile ya mwali wa moto. Ndani ya flasiki ndogo yenye mdomo wazi mwali baridi huzimika wenyewe, lakini ndani ya tangi kubwa lililofungwa, au chini ya kanieneo kubwa, unaweza kukua na kuwa mlipuko kamili. Kwa maoni yangu, ripoti isiyosema lolote kuhusu mwali baridi, hata kusema tu kwamba haukuonekana, haijakamilika.

Kuandika na kutumia matokeo

Ripoti itaje dutu na usafi wake, njia iliyofuatwa, ujazo na aina ya kioo cha flasiki, halijoto ya chini ya kujiwasha, muda wa kuchelewa, kiasi cha sampuli, kanieneo ya hewa, na mwali baridi. Namba isiandikwe kwa desimali. Kwa njia ya IEC, maabara moja ikirudia inatarajiwa isipishane na yenyewe kwa zaidi ya asilimia 2, na maabara mbili kwa zaidi ya asilimia 5, kwa hiyo anayeandika 212.4 anadai usahihi asioumiliki. Isipowaka hadi mwisho wa uwezo wa tanuri, andika kwamba ni zaidi ya halijoto hiyo, usiandike kwamba haijiwashi.

Katika kuchagua vifaa vya umeme, halijoto ya kujiwasha hulinganishwa na madaraja ya halijoto ya uso wa kifaa: T1 hairuhusiwi kuzidi nyuzi 450, T2 300, T3 200, T4 135, T5 100 na T6 85. Ethanoli, yenye nyuzi 363, inaridhika na T2. Etha ya diethili, yenye 160 hivi, inadai T4. Kaboni daisulfidi hujiwasha kwenye nyuzi 90 hivi, na hivyo inabaki na T6 peke yake; bomba la mvuke lisilovikwa, au balbu ya kawaida iliyowaka kwa muda, vinatosha kuiwasha. Mahali ambapo mvuke unaowaka upo wakati wote au kwa muda mrefu, kanuni za Ulaya hutaka uso wa kifaa usizidi asilimia 80 ya halijoto ya kujiwasha kwa nyuzi za Selsiasi.

Namba hiyo inaweza pia kukutisha kupita kiasi, au kukupa matumaini ya uongo. Tone la kimiminika likianguka juu ya bomba moto lililo wazi upeponi, mvuke hupeperushwa kabla haujakaa karibu na joto kwa muda wa kutosha, na kwa haidrokaboni uso huo mara nyingi huhitaji kuwa na nyuzi kama 200 zaidi ya ile ya maabara. Lakini mafuta yaleyale yakivuja na kulowesha sufi ya madini iliyovikwa bomba ili kuzuia joto lisipotee, hutanda juu ya nyuzinyuzi zenye eneo kubwa, hewa huingia kidogokidogo, joto linalotoka halina pa kupitia, na moto huweza kuanza baada ya saa nyingi kwenye halijoto iliyo chini ya ile ya ripoti kwa nyuzi 100 au zaidi. Jaribio la flasiki haliwezi kuiona hatari hiyo. Palipo na mabomba ya mafuta ya kupitisha joto, hesabu ya usalama ifanywe kwa kupima sufi iliyoloweshwa ndani ya kikapu cha waya kwenye oveni, na sufi yoyote iliyokwisha kulowa ivuliwe na kubadilishwa kabla bomba halijarudishiwa moto.